Kuta Zilizotiwa Gadi

Makala haya ni somo nililolitoa katika mkutano wa chama muhula wa pili. Mhariri ameniomba niliandike ili na wale ambao hawakuwapo wapate kulisoma. Kazi niliyopewa na mwalimu mlezi ilikuwa fupi kuitaja na ndefu kuifanya: nichague jambo lililotokea nchi ya mbali, nilieleze kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho, na kila sehemu ya nyumba na kila kazi ya fundi niipe jina lake. Hapana kuruka neno kwa kusema "ile kitu". Mwalimu alilisisitiza hilo, na wanaomjua wanajua hatanii.

Nilichagua habari za nyumba ya wageni iliyoungua mlimani huko Marekani, kisha ikasimamishwa tena. Sisi tunaosoma chini ya Mlima Kenya hatuzionei ajabu nyumba za aina hiyo. Wapandaji wanaofuata njia ya Sirimon hulala Old Moses, kesho yake wakalala Shipton's. Moto wa mlimani nao si mgeni kwetu. Oktoba 2020 majirani zetu wa Tanzania walipambana siku nyingi na moto uliowaka Kilimanjaro, mamia ya watu wakiwa na matawi na majembe mikononi. Kwa hiyo habari yangu ni ya mbali, ila harufu yake ya moshi tunaifahamu.

Nyumba yenyewe huitwa Sperry Chalet. Iko katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana, karibu na mpaka wa Kanada, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi juu ya bahari. Jina Sperry linatokana na profesa Lyman Sperry, aliyezuru barafu ya milima hiyo zamani. Lile neno la pili ndilo lililonitoa jasho. Huko Uswisi ni nyumba ya mbao ya mlimani, lakini hii yetu ni ya mawe na ina orofa mbili. Nilijaribu "kibanda", wenzangu wakacheka. Kibanda gani chenye vyumba 17 vya wageni? Nikajaribu "kambi", mmoja akasema kambi ni mahema. Mwisho wake tuliafikiana tuyaite majengo yale kwa majina ya hapa shuleni, maana yako mawili makubwa: bweni la kulala na bwalo la kulia. Bweni ndilo lililoungua. Bwalo lilipona.

Najua, hapa Kenya neno bweni na neno moto yakiwekwa pamoja yanaamsha majonzi ya aina nyingine kabisa. Basi niseme mapema: siku ya moto bweni la Sperry halikuwa na mgeni hata mmoja. Walikuwa wamekwisha kuondolewa majuma kadhaa kabla.

Tuanze na waliojenga. Hifadhi ya Glacier ilianzishwa mwaka 1910. Kampuni ya reli ya Great Northern, ambayo treni zake zilipita ukingoni mwa milima hiyo, ilitaka abiria, na abiria wanataka mahali pa kulala. Kwa hiyo ikajenga hoteli na nyumba za milimani, moja umbali wa safari ya siku moja ya farasi kutoka nyingine. Sperry ilijengwa kati ya 1913 na 1914 kwa mawe yaliyochimbwa pale pale. Kati ya zile zilizo ndani kabisa ya milima, kusikofika gari, ni Sperry na Granite Park tu zilizoendelea kupokea wageni mpaka zama zetu. Mpaka leo hakuna barabara ya kufika Sperry. Mtu huanzia kwenye Ziwa McDonald na kutembea kilomita 11 hivi, akipanda mita 1,000. Vyumbani hamna umeme wala maji ya bomba. Mgeni hutumia taa yake ya mkononi. Wenzangu waliuliza: sasa watu wanalipia nini? Nikawaambia wanalipia giza na ukimya, na mandhari. Wakaguna.

Tarehe 10 Agosti 2017 radi ilipiga msituni upande wa chini na kuwasha moto uliokuja kuitwa Sprague. Sikilizeni, huu si moto wa mtu aliyetupa kijiti cha kiberiti. Ulienea polepole katika msitu mkavu. Wazima moto walipanda Sperry wakatandaza mipira ya maji, pampu na vinyunyizio kuyazunguka majengo. Wiki tatu walikuwa wakijiandaa na kungoja. Jioni ya tarehe 31 Agosti upepo ukazidi, moto ukapanda bonde.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa kuwa ndipo penye somo la lugha na la sayansi kwa pamoja. Wengi wetu hudhani moto wa msitu unaifikia nyumba kama wimbi, ndimi zake zikailamba. Sivyo ilivyokuwa. Maji yalikuwapo, watu walikuwapo, helikopta tatu zilikuwa angani zikimwaga maji. Kilichoiua nyumba ni cheche. Mmoja wa wazima moto aliona kimoshi kidogo kikichomoza chini ya ukingo wa paa, pale upenuni. Wakapamiminia maji mara moja. Kisha kioo cha dirisha kikapasuka, wakatambua kwamba moto umo ndani tayari. Walipigana nao kweli kweli, lakini mbao za ndani zilikuwa na zaidi ya miaka 100, kavu kama kuni za jikoni. Bweni likateketea, zikabaki kuta za mawe na dohani zake zikiwa wazi kwa juu.

Jack Cohen, mtafiti wa moto aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika maabara ya Idara ya Misitu ya Marekani huko Missoula, Montana hiyo hiyo, alitumia muda mrefu kuchunguza kwa nini nyumba moja huungua na jirani yake ikapona. Alionyesha kwamba nyumba nyingi huanza kwa cheche zinazopeperushwa na upepo, zikatua penye majani makavu juu ya paa, au zikaingia kwenye tundu la hewa, au zikawasha kitu kilichoegemezwa ukutani. Ndiyo maana nyumba inaweza kuwa majivu ilhali miti iliyoizunguka bado ni ya kijani. Kwa hiyo wanaoishi karibu na misitu huko hushauriwa waondoe kila kiwezacho kuwaka katika mita moja na nusu kutoka ukutani, wafagie paa, na kuziba matundu ya hewa kwa wavu wa chuma wenye vijicho vidogo. Mambo ya ufagio na wavu, bwana! Hata mimi nilitarajia mitambo.

Sasa sarufi kidogo. Nyumba imeungua. Moto umeiunguza. Mwenye nyumba, je? Mwenye nyumba ameunguliwa. Kauli hiyo ya kutendewa ina uzito wake, sawasawa na kufiwa: jambo limetokea kwa kingine, uchungu ukamwangukia mtu. Katika kisa chetu, ni nani aliyeunguliwa? Kampuni ya reli iliacha kuimiliki nyumba hiyo zamani. Ni mali ya umma wa Marekani, inayosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa, na imewekwa katika daraja ya majengo ya kihistoria ya taifa. Ukiuliza Montana watakwambia walioungukiwa ni wao. Mle ndimo babu zao walimolala, wengine ndimo walimochumbiana. Siku chache tu baada ya moto, shirika la wahisani wa hifadhi hiyo, Glacier National Park Conservancy, likaanza kuchanga fedha. Waziri aliyesimamia ardhi na hifadhi za taifa wakati huo, Ryan Zinke, naye ni mtu wa Montana, akaitaja Sperry kuwa jambo la kutangulizwa. Kuwa na mkubwa wa kwenu serikalini hakudhuru.

Lakini fedha hazikuwa shida ya kwanza. Shida ya kwanza ilikuwa kalenda. Ilikuwa Septemba, na milima ile Oktoba huanza kufunikwa na theluji ambayo haiondoki mpaka Juni au Julai. Fikirini ukuta wa mawe wa orofa mbili uliopoteza sakafu na paa. Sakafu na paa si mapambo. Ndivyo vinavyozishika kuta zisiyumbe, kama vile vidole vya mkono mmoja vinavyoshikana na vya mwingine. Vikiondoka, kila ukuta unasimama peke yake dhidi ya upepo. Juu ya hayo, moto hudhoofisha mota inayoshika mawe. Maji ya theluji yakipenya mle na kuganda, hutanuka kwa kadiri ya asilimia 9, yakasukuma mawe kutoka ndani. Usiku yanaganda, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena. Ukuta uliovumilia moto ungeweza kulazwa chini na maji.

Basi ile Oktoba ya 2017, kabla ya mtu yeyote kuamua kama nyumba itajengwa au haitajengwa, mafundi walipandishwa kule na mbao nene zikainuliwa kwa helikopta. Wakaziegemeza kuta na dohani kwa ndani, wakaziba na kukaza nafasi za madirisha na milango, wakajenga mifupa ya mbao ya kuushika kila ukuta. Kisha wakashuka, theluji ikaanguka.

Kazi hiyo inaitwaje kwa Kiswahili? Nilikuwa nimeandika "kuegemeza", na mwalimu akasema si kosa. Hapo mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu, mwenyeji wa Lamu, akainua mkono. Akasema kwao chombo kikipwelewa au kikivutwa pwani ili kitengenezwe, huwekewa miti ubavuni kisilale upande. Miti hiyo ni magadi, umoja wake gadi, na kazi yenyewe ni kutia gadi. Tukakimbilia kamusi. Kumbe neno lipo! Sisi wa bara tulikuwa tukilijua lile gadi jingine tu, la mlinzi langoni. Tangu siku hiyo somo langu likabadili jina. Kwa maoni yangu mimi, kazi ya majuma yale machache ndiyo iliyoiokoa Sperry, kuliko helikopta za Agosti na kuliko waashi waliokuja baadaye. Majira ya kuchipua ya 2018 watu walipopanda tena, kuta zilikuwa zimesimama. Lau zingelikuwa zimelala, mjadala uliofuata usingelikuwa na maana.

Na mjadala ulikuwapo. Sheria za huko haziruhusu kujenga katika hifadhi bila kupima athari zake na kuwauliza wananchi. Mwaka 2018 njia kadhaa ziliwekwa mezani: kujenga ndani ya kuta zile zile, kujenga nyumba mpya mahali pale, kuhamia mahali pengine jirani, ama kuacha gofu na kuwalaza wageni kwa namna nyepesi kama mahema. Tuliurudia mjadala huo chamani, na nakiri upande wa kupinga ulikuwa na hoja nzito kuliko nilivyofikiri. Walisema moto ni sehemu ya maisha ya misitu ile. Kuna aina ya msonobari huko ambao koni zake zimefungwa kwa utomvu na hufunguliwa na joto la moto ndipo mbegu zianguke. Msitu umeuzoea moto, nyumba haijauzoea, sasa mbona kurudisha mbao pale pale? Mwingine akauliza kama ni haki mamilioni ya dola za umma yajenge vyumba 17. Wa tatu akaleta magofu ya Gede kule Kilifi: hayakuezekwa upya na bado watu wanakwenda kuyatazama na kujifunza.

Mimi nilikuwa upande wa kujenga. Nilijibu kwamba Gede ilihamwa na wenyewe karne nyingi zilizopita, haina wageni wanaongoja vyumba. Sperry ilikuwa hai mpaka majira yale yale ya moto. Waashi waliomwaga jasho 1914 waliijenga ilaliwe, si itazamwe. Kuhusu moto kurudi, hoja hiyo sikuweza kuivunja na sikujaribu. Tena mambo yenyewe yaliithibitisha: Agosti 2018, mafundi wakiwa tayari wameanza kazi Sperry, radi iliwasha moto mwingine uitwao Howe Ridge, ng'ambo ya Ziwa McDonald, ukateketeza nyumba kadhaa za zamani za mbao ufuoni. Si mchezo. Anayejenga pale anajenga akijua.

Wakuu wa hifadhi waliamua kutumia kuta zile zile. Kampuni ya ujenzi ya Montana ikapewa kazi, na hapa ndipo maneno ya ufundi yalipohitajika kwa wingi. Mjomba wangu ni mwashi, nikamwendea na daftari. Muhula wa kwanza wa ujenzi, kiangazi cha 2018, shabaha ilikuwa kurudisha mifupa ya nyumba: boriti za sakafu, kuta za ndani za mbao zenye kubeba uzito, kisha kenchi na paa, ili baridi ya mwaka huo ikute nyumba na si gofu. Gadi hazikung'olewa zote kwa mkupuo. Mjomba alinieleza kwamba kazi ya namna hiyo hufanywa kwa zamu, unaondoa gadi moja baada ya boriti yake kushika, unangoja, unapima, ndipo unaigusa ya pili. "Ukuta wa zamani haukimbizwi," alisema, "una mazoea yake." Mawe yaliyopasuka kwa joto hutolewa na kubadilishwa, na mianya ya mota iliyokufa hukwanguliwa na kujazwa upya. Muhula wa pili, 2019, ukawa wa waashi na maseremala: madirisha, milango, ngazi, vyumba, na roshani za mbao zinazotazama bonde. Roshani, wenzangu, ndilo jina la kile kibaraza cha juu kinachochomoza nje ya ukuta. Mmekuwa mkilitaja kwa Kiingereza miaka yote.

Mizigo mizito ilipaa kwa helikopta. Midogo ilipandishwa na nyumbu. Niliposema hivyo darasa lilipasuka kwa kicheko, kila mtu akiwaona wale wa Maasai Mara wakivuka mto na mifuko ya saruji mgongoni. La hasha! Kamusi inatoa maana mbili. Yuko nyumbu wa mbugani, na yuko nyumbu mzaliwa wa punda na farasi, mnyama wa mizigo, ambaye Waswahili wengine humwita baghala. Sperry imetegemea hao wa pili toka ilipojengwa. Shuka za wageni, unga wa mikate, yote hupanda kwa miguu minne.

Mafundi waliishi huko huko mlimani. Miezi ya kufanya kazi ni mitatu au minne tu kwa mwaka, na ukisahau kisanduku cha misumari huwezi kumtuma kijana dukani. Nadhani ndiyo sababu kila ubao ulipimwa na kuhesabiwa chini kabla ya kupandishwa juu.

Mwaka 2020 wageni walirudi kulala Sperry. Kwa nje, anayeshika picha ya 1914 na kuilinganisha na nyumba ya leo atasumbuka kutafuta tofauti. Ndani mbao ni changa na mawe ni mazee.

Limebaki neno moja tulilolipigia kura mkutanoni bila kulimaliza. Je, nyumba hii ilikarabatiwa au ilijengwa upya? Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika kikiwa bado ni kile kile. Kujenga upya ni kuanza tena kwa kuwa cha kwanza hakipo. Waliochagua "kujengwa upya" walihesabu: sakafu mpya, paa jipya, milango mipya, kila kinachoguswa na mkono wa mgeni ni kipya. Mimi na wengine tulisema "kukarabatiwa". Yule mwenzetu wa Lamu alituunga mkono kwa mfano wa jahazi: mafundi wa kwao huweza kubadilisha mbao za ubavuni moja moja mpaka zikaisha zote, na hakuna anayesema jahazi ni jingine, maadamu mkuku ni ule wa awali. Upande wa pili wakadai nyumba haina mkuku. Kura zikagawanyika karibu nusu kwa nusu, kengele ya chakula ikalia, watu wakaelekea bwaloni wakiendelea kubishana.

Orodha kamili ya maneno ya ujenzi niliyoyapata kwa mjomba, pamoja na mchoro wa ukuta uliotiwa gadi, nimeibandika kwenye ubao wa chama nje ya maktaba. Mwenye neno moja zuri la Kiswahili la nyumba ya wageni ya mlimani aniletee kabla ya toleo lijalo, maana "bweni na bwalo" inatufaa sisi tu wa hapa.